"LUKU Imejaa" Si Jibu la Taa za Filamu

Wanafunzi wakiomba nyumba ya kupigia filamu, jambo la kwanza kumuuliza mwenye nyumba ni umeme. Jibu ni lile lile, hapa Tabora kuanzia Isevya hadi Cheyo: "Usijali, LUKU imejaa," yaani mita ya umeme wa kulipia kabla ina uniti za kutosha. Tuelewane basi. Uniti ni maji ya tangini, nyaya ndizo bomba. Tangi likijaa, bomba halinenepi.

Soketi zetu ni za ampea 13. Kwa volti 230 hizo ni kama wati 3,000, na ekstensheni ya matundu manne haiongezi kitu, maana yote yanakula kwenye plagi moja. Sasa weka taa mbili za halojeni za wati 1,000 kila moja, halafu mama mwenye nyumba, kwa ukarimu wake, achomeke hapo hapo birika la wati 2,000 awapikie wageni chai. Zimefika wati 4,000, zaidi ya ampea 17. Fyuzi inaweza kuvumilia muda mrefu tu huku plagi ikiiva. Mnastuka harufu ya plastiki ikishatanda sebuleni. Ikikatika, hakosekani mjuaji wa kuifunga kwa karatasi ya sigara. Huyo atolewe nje kabla ya kamera kuwashwa.

Ekstensheni ya roli ikunjuliwe yote, hata kama taa iko hatua tatu. Ikibaki imeviringwa, joto halina pa kutokea na maganda ya waya yanayeyuka na kugandana. Zile nyembamba za bei ya chee ni za kuchajia simu.

Fundi umeme apite siku moja kabla, ajue soketi zipi ziko kwenye breka moja, ili kila taa ipate breka yake. Chai ichemkie kwenye mkaa. Pasi ya mavazi ipigwe kabla taa hazijawashwa. Halojeni ikae mita moja au zaidi kutoka pazia, isifungashwe mpaka ipoe. Bora kuliko yote, waje na LED. Ya wati 200 inatosha sebule nyingi.

Uniti zenyewe ni hesabu nyepesi: wati 2,000 kwa saa sita ni uniti 12. Wanunue wao, na mita isomwe asubuhi na jioni.

Kuna na maneno mengine ya kujipa moyo. "Ni kipande cha dakika tatu, baada ya saa mbili wameondoka." Kila kamera ikihama, taa zinapangwa upya. Hesabu siku nzima.

"Selotepu haiharibu ukuta." Inabandua rangi, na ukuta wa chokaa hauvumilii tepu ya aina yoyote. Nyaya zibandikwe sakafuni.

"Dari la jipsamu linazuia kelele ya mvua." Bati ni bati. Pangeni Juni hadi Septemba, na msimu huo hata maembe hayadondoki juu ya paa.

"Wana kibali cha Bodi ya Filamu, inatosha." Kibali hakimpi mtu chumba chako. Andikeni tarehe, saa, vyumba vinavyoruhusiwa na nani analipa kikivunjika kitu. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe pia.

Halafu friji. Mtu wa sauti ataizima kwa sababu inanguruma, na ataisahau. Aweke ufunguo wa pikipiki yake ndani, juu ya nyama.