Turbo au supachaja kwenye dizeli: kisa cha Mkonga wa 1HZ

Mteja wangu mmoja, mwenye magari manne ya kubeba watalii hapa Arusha, alikuja gereji simu ikiwa mkononi. Shemeji yake aliyeko Muscat alikuwa amemrushia video ya Nissan Patrol ikipanda kilima cha mchanga huku supachaja ikipiga mluzi. "Fundi, mimi nataka hii kwenye Mkonga wangu. Turbo sitaki hata kuisikia, kila anayefunga analia."

Nikamvutia kiti. Maswali ya namna hii hayajibiwi watu wakiwa wamesimama.

Mkonga wake ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, cc 4,164, imetoka kiwandani bila turbo. Aliyefanya kazi ya utalii anaijua hii injini, ni ngumu kama jiwe. Ila ikiwa na abiria saba, mizigo na maji, ukianza kupanda kutoka chini ya kreta ya Ngorongoro, unaweza kushuka ukatembea nayo sambamba. (Usishuke, kuna simba.) Nguvu zake ni farasi 130 hivi, na hizo ni za usawa wa bahari. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu, na hewa ya kule ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Tanga. Pampu isiyo na kifaa cha kufidia mwinuko inaendelea kumwaga dizeli ileile, hewa ya kuiunguza haitoshi, na kinachobaki ndio ule moshi mweusi anaoulalamikia dereva wa nyuma.

Kwa hiyo hewa inahitajika, hapo hatukubishana. Turbo na supachaja zote zinashindilia hewa kwenye silinda. Supachaja inazungushwa na beliti kutoka kwenye krenki, ile shafti kuu ya injini. Turbo inazungushwa na eksozi: panga mbili kwenye shafti moja, moja inapigwa na moshi unaotoka, nyingine inavuta hewa inayoingia.

Wengi wanaishia kwenye hoja kwamba supachaja inakula nguvu ya injini na turbo ni ya bure. Hiyo ni nusu ya ukweli. Turbo nayo inaziba njia ya eksozi, pistoni zinasukuma moshi kwa taabu zaidi, kwa hiyo bure haipo. Lakini tupige hesabu ya supachaja kwenye 1HZ. Kwenye mizunguko 3,000 injini hii inavuta zaidi ya lita 5,000 za hewa kwa dakika. Kuibana hewa yote hiyo ifikie presha ya nusu baa juu ya kawaida, kwa supachaja ya aina ya Roots, kunahitaji farasi 10 hadi 15. Unazitoa kwa injini yenye 130, na zinatoka kwenye krenki.

Mimi lakini kinachonikatisha tamaa si hizo farasi. Ni kwamba supachaja inafuata mizunguko, wakati turbo inafuata mzigo.

Injini ya petroli ina kilango cha hewa. Ukiachia mafuta kinajifunga, nyuma yake inazaliwa vakyumu, na vakyumu hiyo ndiyo inayofungua njia ya pembeni ili supachaja izunguke bila kubana hewa. Patrol ya Muscat ikitembea taratibu mjini, supachaja yake imepumzika. Dizeli ya 1HZ haina kilango cha namna hiyo. Inavuta hewa yote wakati wote, na dereva anachoongeza au kupunguza ni dizeli tu. Hakuna cha kuiambia supachaja ipumzike. Utateremka kutoka Karatu kuelekea Mto wa Mbu mguu ukiwa mbali na mafuta, na beliti bado inabana hewa isiyohitajika. Unaweza kuweka klachi ya umeme kama ya kompresa ya AC, lakini hapo umeshaanza kujenga gari jingine.

Turbo haihitaji kuambiwa. Gari likiwa tupu kwenye tambarare, dizeli inayochomwa ni kidogo, eksozi haina joto la maana, panga zinazunguka kivivu. Mlima ukianza na dereva akakanyaga, joto la eksozi linapanda, turbo inaamka. Na huko juu ya kreta inazidi kufaa: supachaja inazidisha hewa inayoikuta kwa kiasi kilekile, ikikuta hewa dhaifu inatoa dhaifu, ila turbo inaweza kuzunguka kasi zaidi na kurudisha presha uliyoipanga. Mercedes-Benz walitoa saluni ya dizeli yenye turbo, 300 SD, mwaka 1978, na tangu hapo karibu watengenezaji wote wa dizeli ndogo wamepita njia hiyohiyo.

"Mbona malori ya zamani ya Marekani yalikuwa na supachaja?" akanibana. Kweli, Detroit Diesel walifunga Roots kwenye injini zao. Lakini zile ni injini za mipigo miwili, haziwezi kuvuta hewa zenyewe. Bila ile pampu hata haziwaki.

Kosa la turbo ni moja, na kwenye gari la porini si dogo: chini ya mizunguko 1,500 au hapo, imelala. Ukikwama kwenye mchanga unataka nguvu papo hapo. Audi walipotaka kuondoa usingizi huo kwenye SQ7 ya dizeli ya 2016, waliongeza kompresa ya mota ya umeme wa volti 48 juu ya turbo mbili. Umeona? Hata wao hawakurudi kwenye beliti. Sisi wa gereji ya kawaida dawa yetu ni kuchagua turbo ndogo inayoamka mapema, hata kama itakosa pumzi kwenye mizunguko ya juu. Mkonga haukimbii mashindano.

Sasa kuhusu wale wanaolia. Wana haki ya kulia, na mmoja wao nilimliza mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga turbo kwenye 1HZ, nikaongeza dizeli kwenye pampu, nikaweka geji ya joto la eksozi kwa fahari kabisa. Sensa nikaitoboa kwenye bomba baada ya turbo, kwa sababu ndiko ilikokuwa rahisi kufika. Geji ikasoma digrii 550, dereva akatulia. Joto linaweza kushuka digrii 100 au zaidi likipita kwenye panga za turbo, kwa hiyo kule kwenye manifodi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye silinda kabla ya turbo, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Gari lilirudi likivutwa. Nilipomwaga oili ilikuwa inametameta vumbi la aluminiamu. Pistoni ya sita ilikuwa imelika ukingoni kama kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye maji, na hedi ilikuwa na nyufa karibu na chumba kidogo cha mwako. Injini ile niliijenga upya kwa hela yangu.

1HZ haikuundwa kwa turbo. Kompresheni yake, yaani kiasi pistoni inavyoibana hewa, inazidi 22 kwa 1, na pampu yake haina kifaa cha kupunguza dizeli pale turbo inapokuwa bado imelala. Toyota wenyewe walipotaka turbo walitengeneza 1HD-T, inayomwaga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kompresheni imeshushwa hadi 18.6. Ukiidai 1HZ ifanye kazi ya 1HD-T, inakuvunjikia.

Kwa hiyo Mkonga wa mteja wangu umefungwa turbo ndogo, presha haizidi nusu baa, na rejeta ya kupoozea hewa mbele. Pampu niliifungua robo ya mzunguko wa skrubu, tukaenda mlimani, tukarudi, nikaipunguza tena kidogo. Sensa iko kwenye manifodi kabla ya turbo, na kwenye geji nimechora mstari mwekundu kwenye 680. Dereva nimemfundisha: mshale ukikaribia mstari, shusha gia, mafuta achia, na ukifika juu usizime injini mpaka iungurume dakika mbili, oili iipoze ile shafti.

Jumamosi alinipigia akiwa katikati ya mlima wa kutoka kreta, nasikia kabisa injini ikilalamika.

"Fundi, shikamoo. Iko 640, gia ya tatu."

"Marahaba. Rudi ya pili. Na simu weka chini, ushike usukani."