Simba Watatu na Farasi Mwenye Pembe: Namna ya Kusoma Nembo ya Kifalme ya Uingereza

Wanafunzi wanapotutembelea kwenye chumba cha nyaraka, huwa nawatolea jalada moja la enzi za Waingereza. Karatasi yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa na pembeni imeliwa na mchwa, lakini juu, katikati ya ukurasa, nembo ingali wazi: ngao, simba upande mmoja, farasi mwenye pembe moja upande wa pili, taji juu yao. Na karibu kila kundi huwa na mtoto mmoja anayeuliza, "Mwalimu, kumbe Uingereza kuna simba?"

Hakuna. Lakini swali hilo ni zuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu linatulazimisha kuacha kuitazama nembo kama pambo na kuanza kuisoma kama maandishi. Nembo ya kifalme ni dai. Inasema mimi ni nani, ukoo wangu ni upi, na nchi zipi nadai ni haki yangu. Kila alama iliyomo iliwekwa kwa sababu, na iliyoondolewa iliondolewa kwa sababu.

Simba aliingia kwa njia ya sifa na fahari. Mfalme Henry I, aliyetawala kuanzia mwaka 1100 hadi 1135, alikuwa na bustani ya wanyama huko Woodstock. William wa Malmesbury, mwandishi aliyeishi zama hizo, ametuachia habari kwamba mlikuwa na simba, chui, ngamia, na hata nungunungu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1128, mfalme huyo alipomsimika Geoffrey wa Anjou kuwa mpiganaji mwenye cheo, kijana aliyekuwa anakwenda kumwoa binti yake, alimvika shingoni ngao yenye simba wa dhahabu. Kaburi la Geoffrey lilitengenezewa bamba la shaba lenye rangi, ambalo bado lipo katika mji wa Le Mans nchini Ufaransa: kashika ngao ya buluu, na simba wa dhahabu wamejipanga juu yake. Sasa nenda kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, kwenye kaburi la mjukuu wake, William Longespée, aliyefariki mwaka 1226. Ngao ni ile ile. Mchoro wa babu ukishapita kwa mjukuu, umeshakuwa mali ya ukoo, na hapo ndipo nembo inapoanza kuwa nembo.

Kwa nini ngao? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya vitani: mpiganaji aliyefunikwa uso kwa kofia ya chuma hatambuliki, hivyo akachora ngao yake. Ni kweli, lakini mimi naona muhuri ulifanya kazi kubwa zaidi. Katika jamii ambayo wengi hawakujua kusoma, hati ya shamba au ya mkataba iliaminika kwa sababu ya nta iliyogandamizwa alama ya mwenyewe. Simba watatu wa Uingereza tunawaona kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja kwenye muhuri mkuu wa pili wa Mfalme Richard I, unaokadiriwa kuwa wa mwaka 1198. Simba hao wanatembea, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, na wamegeuza uso kukutazama. Wajuzi wa nembo wa Kifaransa walimwita simba wa mkao huo "chui", kwa kuwa kwao simba halisi alipaswa kusimama kwa miguu ya nyuma. Simba mwekundu wa Uskoti ndiye aliyesimama hivyo.

Elimu hii ina sarufi yake. Rangi zimegawanywa makundi mawili: madini, yaani dhahabu na fedha, ambazo huchorwa pia kwa manjano na nyeupe, na rangi zenyewe, yaani nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Kanuni kuu ni kwamba madini hayakai juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Simba wa dhahabu juu ya uwanja mwekundu, yaani ngao ambayo rangi yake ya nyuma ni nyekundu, huonekana kutoka mbali. Simba wa buluu juu ya uwanja mweusi hupotea. Tazama bendera ya Tanzania, jinsi mistari ya dhahabu inavyoutenga weusi na kijani na buluu, au bendera ya Kenya na mistari yake myeupe, utaona faida ya kanuni hiyo bila kuhitaji somo refu.

Jambo jingine linalowashangaza wengi: kinacholindwa ni maelezo ya maneno, kuliko mchoro. Ikishaandikwa kwamba uwanja ni mwekundu na juu yake simba watatu wa dhahabu wanatembea na kutazama, kila fundi huchora kwa mkono wake. Simba mmoja atanona, mwingine atakonda, mkia utapinda hivi au vile. Nembo ni ile ile.

Watu walivyoyachukulia mambo haya kwa uzito, hakuna kesi inayoonyesha vizuri kama ile ya Scrope na Grosvenor. Mwaka 1385 Mfalme Richard II alikwenda vitani Uskoti, na katika jeshi lake watu wawili wakajikuta wamebeba ngao moja: uwanja wa buluu wenye mshazari wa dhahabu. Richard Scrope akashtaki. Shauri likachukua miaka, na mamia ya mashahidi wakaitwa. Mmoja wao alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer, aliyetoa ushahidi mwaka 1386. Alisema aliwahi kuwaona akina Scrope na ngao hiyo vitani Ufaransa. Kisha akaeleza kwamba siku moja, akipita Friday Street jijini London, aliona ngao hiyo imetundikwa nje ya nyumba ya wageni. Akauliza ni nyumba gani hiyo iliyotundika nembo ya Scrope. Akajibiwa kwamba hiyo si ya Scrope, ni ya Robert Grosvenor. Chaucer akasema hapo ndipo aliposikia jina la Grosvenor kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1389 hukumu ilimpa Scrope ushindi, ila Grosvenor akaruhusiwa kubaki na ngao hiyo akiizungushia ukingo wa fedha. Mwaka 1390 mfalme akaifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa ukingo wa namna hiyo huonyesha udugu, na wawili hao hawakuwa ndugu. Familia ya Grosvenor ikachukua mganda wa ngano wa dhahabu. Hebu fikiria: mamia ya watu wazima, wakiwemo wakuu wa nchi, wanaapa mahakamani kuhusu mstari mmoja wa rangi. Bila ngao hiyo, mtu angeuthibitisha vipi ukoo wake?

Sasa turudi kwenye ngao ya mfalme, maana ndiyo iliyobadilika kuliko zote. Mwaka 1340 Edward III alidai kiti cha enzi cha Ufaransa. Akaigawa ngao yake robo nne na kuyaweka mayungiyungi ya Ufaransa katika robo ya kwanza, mahali pa heshima. Simba wa kwao wakafuata. Vita vikapiganwa, vikashindwa, na mwaka 1558 mji wa Calais, kipande cha mwisho mikononi mwa Waingereza ndani ya Ufaransa, ukapotea. Mayungiyungi hayakuondoka. Yalibaki kwenye ngao, ukiacha vipindi vifupi, mpaka mwaka 1801. Zaidi ya karne mbili mfalme alijitangaza mwenye nchi ambayo hakumiliki hata shamba moja ndani yake.

Mwaka 1603 James wa Uskoti alirithi pia kiti cha Uingereza. Simba mwekundu wa Uskoti na kinubi cha Ireland wakaingia kwenye ngao, na yule farasi mwenye pembe moja akachukua nafasi ya joka la Wales pembeni. Farasi huyo, mnyama wa hadithi asiyefugika, amefungwa mnyororo wa dhahabu. Mwaka 1714 wakaja wafalme wa Hanover wakaleta alama za kwao Ujerumani. Kisha mwaka 1837 Victoria akawa malkia. Sheria ya Hanover haikumruhusu mwanamke kurithi, hivyo nchi hiyo ikaenda kwa baba yake mdogo, na alama zake zikatoka kwenye ngao. Tangu hapo ngao haijabadilika: Uingereza robo ya kwanza na ya nne, Uskoti ya pili, Ireland ya tatu. Wales haimo, kwa kuwa ilihesabiwa sehemu ya Uingereza. Kinubi nacho kinadaiwa na nchi mbili, maana Jamhuri ya Ireland ina kinubi cha dhahabu juu ya buluu kama nembo yake rasmi, iliyosajiliwa mwaka 1945.

Ndani ya Uskoti mfalme hutumia mpangilio tofauti. Simba wa Uskoti huchukua robo ya kwanza na ya nne, na farasi husimama kulia. Hapa wengi hukosea: kulia ni kwa aliyeshika ngao, kwa hiyo sisi tunaotazama tunamwona kushoto. Maneno yaliyo chini ya nembo inayotumika kwingineko ni ya Kifaransa, *Dieu et mon droit*, Mungu na haki yangu. Mkanda unaozunguka ngao una maneno mengine ya Kifaransa, kwamba aibu imshukie anayewaza ubaya.

Leo nembo hiyo iko kwenye jalada la pasipoti ya Uingereza, kwenye hati za serikali, na ukutani nyuma ya hakimu. Wakili anapoinamisha kichwa mahakamani, heshima hiyo hutolewa kwa nembo, kwa kuwa haki hutolewa kwa jina la mfalme. Kampuni zinazohudumia nyumba ya kifalme zikipewa kibali huweza kuichapa kwenye bidhaa zao, na aliyewapa akifariki hupewa hadi miaka miwili kuiondoa.

Nembo nyingine husimamiwa na chuo cha wajuzi wa nembo kilichopewa hati na Richard III mwaka 1484, ambacho kingali London. Ipo pia mahakama ya nembo. Mara ya mwisho ilikaa mwaka 1954, pale jiji la Manchester lilipolalamika kwamba ukumbi mmoja wa maonyesho umeweka nembo ya jiji kwenye pazia la jukwaa na kwenye muhuri wa kampuni. Jiji likashinda.

Wazo hili si geni kwetu. Wenye enzi wa Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, wa Lamu wakawa na ya shaba, na haikupulizwa kwa kila mtu. Anayeisikia alijua ni enzi ya nani inayotangazwa. Nchi zetu zilipopata uhuru zilichukua umbo la ngao na kulijaza mambo yetu. Nembo ya Tanzania, ambayo wengi tunaiita Bibi na Bwana, ina mwenge, mkuki, jembe na shoka, na wanaoishika ni watu, mwanamume na mwanamke, wamesimama juu ya Kilimanjaro, karafuu na pamba zikiwa miguuni pao. Kenya iliweka simba wawili wa kushika ngao, na ndani yake ikamweka jogoo mwenye shoka.

Kuhusu jalada letu, sehemu ya tarehe imeliwa na mchwa, na hiyo ndiyo kazi ninayowapa wanafunzi. Hakuna mayungiyungi: basi ni baada ya 1801. Hakuna alama za Hanover: baada ya 1837. Linabaki taji. Matao yakiwa yameinama katikati, ni taji lililotumika enzi za Elizabeth II. Yakiwa ya duara, ni la wafalme waliomtangulia kuanzia 1901, ambalo Charles III amelirudisha. Kioo cha kukuzia huanza kwa yule mtoto aliyeuliza kuhusu simba. Huinama, hunyamaza kidogo, kisha huwaambia wenzake kwamba matao ni ya duara.