Kubandika ISO kwenye flashi hakuifanyi flashi ibuti

Ujumbe ni uleule kila mara: "Nimepakua Lubuntu, nikaibandika kwenye flashi, lakini laptopu inasema hakuna cha kubuti. Flashi ni mbovu?" Flashi ni nzima, na ISO, yaani lile faili la Lubuntu (aina ya Linux) ulilopakua, ni nzima. Kubuti ni laptopu kuwasha mfumo kutoka kwenye diski au flashi. Ulichofanya ni kuweka faili mahali ambapo hakuna anayelitafuta. Nairobi imejaa laptopu za ex-UK zenye RAM ya GB 4 ambazo Windows 11 haizitaki, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo swali hili litazidi kuja. Nalijibu hapa kwa urefu.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, BIOS ya zamani, programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wowote, haijui hata faili ni kitu gani. Inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, inatazama kama baiti mbili za mwisho ni 55 AA, kisha inaendesha msimbo ulio mwanzoni mwa sekta hiyo. UEFI, mrithi wake, imesonga mbele kidogo: inaweza kusoma patisheni (sehemu ya diski) yenye mpangilio wa FAT, na humo inatafuta faili moja, BOOTX64.EFI, ndani ya EFI/BOOT. Zote mbili hazifungui ISO iliyolala kwenye flashi. ISO ni diski nzima iliyofungwa ndani ya faili moja; kuibandika jinsi ilivyo ni kupeleka mbegu shambani na kuziacha ndani ya pakiti.

Kama unabisha, tazama mwenyewe. Kwenye Linux yoyote, andika:

xxd -s 510 -l 2 lubuntu.iso

Itakujibu 55aa. Sekta ya kuanzishia imo ndani ya ISO tangu ulipoipakua. Mpangilio wa ISO 9660 ulitengenezwa kwa ajili ya CD, na uliacha baiti 32,768 za mwanzo zikiwa wazi. Watengenezaji wa distro, yaani matoleo ya Linux kama Lubuntu, huitumia nafasi hiyo kuweka sekta ya diski ya kawaida pamoja na jedwali la patisheni, mbinu inayoitwa isohybrid. Ndiyo maana faili moja linaweza kubuti likiwa kwenye DVD na pia likiwa kwenye flashi. Lakini sharti baiti ya kwanza ya ISO ikae kwenye baiti ya kwanza ya flashi. Ukibandika, baiti hiyo inaangukia popote mfumo wa mafaili ulipopata nafasi, na sekta ya kwanza inabaki ileile ya zamani.

Kwa hiyo ISO inaandikwa juu ya flashi, chini kabisa ya mafaili. Kwanza hakikisha imefika salama, maana bando hukatika katikati na stima hupotea. Windows: certutil -hashfile lubuntu.iso SHA256. Linux: sha256sum lubuntu.iso. Linganisha namba inayotoka na ile iliyo kwenye tovuti ya distro. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Ukitumia amri ya kupakua wget -c kila muunganisho ukikatika, utaendelea pale ulipoishia badala ya kuchoma bando lingine.

Kisha, kwenye Linux, tafuta jina la flashi:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN

Flashi yako ndiyo yenye "usb" kwenye safu ya TRAN. Tuseme ni sdb. Ikiwa imefunguka yenyewe, ifunge kwa umount, kisha:

sudo dd if=lubuntu.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Ni sdb, si sdb1. Ukiweka sdb1, ISO inaanzia ndani ya patisheni na umerudi kwenye kosa lilelile la mwanzo. Ukiweka sda kwenye laptopu ambayo sda ndiyo diski yake, umefuta kazi za mwenye laptopu, na hakuna atakayekuuliza "una hakika?" Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Ile conv=fsync nayo usiiache: bila hiyo dd inaweza kutangaza imemaliza wakati data bado iko kwenye RAM, ukachomoa, ukapata flashi nusu.

Walio kwenye Windows watumie programu ya Rufus. Ikikuuliza uchague hali ya ISO au ya DD, jua tofauti yake. Hali ya ISO inafungua mafaili na kuyapanga upya kwenye FAT32, ikiongeza kianzishi chake. Mara nyingi inafanya kazi. Lakini FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na jina la volyumu haliwezi kuzidi herufi 11, ilhali baadhi ya distro hujitafuta kwa jina hilo zikishaanza kuwaka. Ukiona menyu inatokea, kisha mfumo unalalamika hauoni mafaili yake, rudia kwa hali ya DD, inayoandika ISO jinsi ilivyo kama ile amri ya dd.

Sasa, ubishi wote huu umetoka wapi? Umetoka kwa programu inayoitwa Ventoy. Mtu amemwona fundi akiburuta ISO kwenye flashi, laptopu ikawaka, naye akahitimisha kuwa kubandika kunatosha. Hakuona kwamba fundi alikuwa ameshaisakinisha Ventoy kwenye flashi hiyo: sekta ya kuanzishia, patisheni kubwa ya ISO, na nyingine ndogo ya MB 32 yenye kianzishi kinachojua kufungua ISO. Ventoy ni chombo kizuri, hasa kwa anayebeba distro kadhaa. Hata hivyo nasitasita kumpa anayeanza. Ikigoma, hajui kama tatizo ni Ventoy, ISO au laptopu. Flashi moja, distro moja, dd au Rufus: ikigoma hapo, sehemu za kukagua ni chache.

Jingine ni flashi zenyewe. Ile iliyoandikwa GB 64 na kuuzwa kwa bei ya kutupa inaweza kuwa na GB 8 za kweli. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba itabuti vizuri: Lubuntu ni kama GB 3, na inakaa mwanzoni kabisa, kwenye sehemu ya kweli. Maumivu huja ukiongeza patisheni ya kuhifadhi mabadiliko, kwa sababu hiyo hufuata baada ya ISO na kuenea hadi kwenye nafasi isiyokuwepo. Kazi ya jana inapotea, na lawama inapewa Linux. Ipime kwanza kwa f3probe kwenye Linux au H2testw kwenye Windows.

Upande wa laptopu: HP EliteBook bonyeza Esc kisha F9, ThinkPad na Dell Latitude, F12. Lubuntu inakubaliwa na Secure Boot, kinga ya UEFI inayokataa vianzishi visivyo na sahihi inayotambulika; antiX, distro nyepesi, na nyingi za aina yake, zima Secure Boot kwanza. Mashine ya biti 32 haitawasha Lubuntu ya sasa. Chukua antiX ya biti 32. Na kuna hili ambalo vitabu hulipita: flashi ileile hukataa kwenye tundu moja la USB na kukubali kwenye jingine, hasa ukitoka la buluu kwenda jeusi. Kila maelezo niliyosoma kuhusu jambo hilo yananiacha na mashaka. Jaribu tundu jingine kabla ya kuandika upya.

Mwisho, ukirudisha flashi kwenye Windows itasema inahitaji kuformatiwa, au itaonyesha MB chache tu. Haijafa, Windows haitambui mpangilio uliomo. Ukiihitaji kwa kazi ya kawaida, fungua diskpart, chombo cha Windows cha kupanga diski, andika list disk, itambue kwa ukubwa wake, select disk yenye namba hiyo, clean, create partition primary, format fs=exfat quick, kisha assign.