Fomati ya kitabu pepe ni nini, na kwa nini kisomaji cha zamani hukataa kitabu kipya

Fomati ya kitabu pepe ni utaratibu wa kupanga maandishi, picha na sura ndani ya faili, ili programu ya kusomea ijue kichwa ni kipi, aya inaishia wapi na jalada liko wapi. Kisomaji, yaani kifaa cha kusomea vitabu hivyo, hufungua fomati zile tu ambazo programu yake inazijua. Ndiyo sababu vifaa hivi huzeeka kwa namna ya ajabu: skrini ya wino wa kielektroniki hula umeme pale tu ukurasa unapobadilika, na kisomaji cha miaka kumi na mitano huenda bado kizima, betri tu ndiyo imechoka. Kinachokishinda ni faili mpya.

EPUB ndiyo fomati iliyoenea zaidi. Ilitoka mwaka 2007, ikirithi Open eBook ya 1999. Ukitaka kuona tumbo lake, chukua nakala ya kitabu kisicho na kufuli ya kidijitali (kizuizi cha muuzaji dhidi ya kunakili faili au kuifungua kwingineko), badilisha mwisho wa jina la faili kutoka .epub kuwa .zip, kisha uifungue. Utakuta faili ndogo iitwayo mimetype yenye maneno haya tu: application/epub+zip. Pembeni yake zimo sura, zimeandikwa kwa lugha ileile inayojenga kurasa za wavuti, pamoja na orodha inayosema ipi itangulie na ipi ifuate. Basi. Hata watengenezaji wote wa visomaji wakifunga biashara, faili hiyo itasomeka kwa kivinjari cha kawaida.

Amazon, duka kubwa la mtandaoni, walishika njia yao. Mwaka 2005 waliinunua kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket, na kisomaji chao cha kwanza, Kindle ya 2007, kikajengwa juu ya fomati yake, MOBI. Ikaja fomati ya AZW3 mwaka 2011, kisha KFX mwaka 2015, ambayo Kindle za mwanzo haziijui kabisa. Mwaka 2022 walitangaza kwamba huduma yao ya kutuma faili kwenye Kindle itapokea EPUB na kuachana na MOBI. Wengi walidhani Kindle sasa inasoma EPUB. Haisomi: faili hugeuzwa kwanza kwenye seva zao, na ukiinakili EPUB moja kwa moja kwa waya, kifaa hakiioni.

Fomati isichanganywe na kufuli ya kidijitali, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mkorofi zaidi. Fomati ngeni hugeuzwa. Programu ya bure ya Calibre hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kufuli humtegemea aliyeiweka. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu walivyokwisha kununua havikufunguka tena. Na Februari 2025 Amazon waliondoa kitufe cha kupakua kitabu kwenye kompyuta ili kukihamishia kisomaji kwa waya, njia iliyokuwa tegemeo la Kindle za kwanza zisizo na Wi-Fi.

Mwenye kifaa cha namna hiyo bado anaweza kugeuza EPUB isiyo na kufuli kuwa MOBI. Riwaya hupita salama. Kitabu chenye majedwali mengi huenda kikatoka kimevurugika, kwa kuwa MOBI ya zamani ina uwezo mdogo wa kueleza mpangilio huo.