Saa ghali si lazima iwe sahihi zaidi

Wengi huamini kwamba saa ya mkononi ikiwa ghali, basi inashika majira kuliko ya bei poa. Sivyo. Casio F-91W, ile ya plastiki iliyotoka 1989, kwa kipimo cha watengenezaji haipotei zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Saa ya Uswisi isiyo na betri, yenye cheti cha COSC (taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa), inaruhusiwa kukimbia hadi sekunde 6 kwa siku. Piga hesabu: dakika 3 kwa mwezi! Ya kwanza inaongozwa na kipande cha kwazi (quartz, aina ya jiwe) kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Ya pili ina gurudumu dogo na springi, ambavyo hata mkao wa mkono huvisumbua. Basi ukitoa alama za usahihi, springi ishindane na springi. Urembo na kazi ya mkono vipimwe kando. Huko ndiko pesa nyingi ilikokwenda.