Mapengo kwenye mahindi ya nyumbani: acheni kusingizia mbegu

Kila msimu swali ni lile lile: "Hindi langu lina mapengo, nimeuziwa mbegu feki?" Nami nauliza: umepanda mistari mingapi? Karibu kila mara ni mmoja, umefuata ukuta.

Mahindi huchavushwa na upepo. Kila uzi wa ndevu ni punje moja. Uzi ukikosa chavua, punje yake haijai. Kwenye mstari mmoja, upepo unapita na chavua inaishia kwa jirani. Mashina 20 yale yale yapange mistari minne ya mashina matano, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Mita 3 kwa 1.5 zinatosha.

Samadi viganja viwili kwa shimo, mbegu kina cha sentimita 5, punguzia libaki shina moja. Urea kizibo kimoja cha soda mahindi yakifika magotini, mbali kidogo na shina. Basi.

Kinachonichosha ni kuita mapengo yote "upungufu wa mbolea". Litazame hindi kwanza! Punje zikiwa zimetawanyika kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno, hapo ni chavua, na urea haitazirudisha. Ncha ikiwa tupu lakini chini kumejaa, ni jambo jingine: ndevu za chini hutoka kwanza, za nchani mwisho, na shina lenye kiu au njaa huzitelekeza punje za nchani. Hapo ndipo maji na mbolea vinahusika. Na ndevu zikiwa zimekatwa fupi kabla ya kuchavushwa, tafuta wadudu.

Una mashina machache? Chavusha kwa mkono. Umande ukikauka, kama saa tatu hadi saa tano asubuhi, inamisha mbelewele (ua la juu ya shina, lenye chavua) ndani ya mfuko wa karatasi (wa plastiki hutoa jasho, chavua ikagandamana), ikung'ute, kisha nyunyizia ndevu mbichi. Rudia siku tatu au nne, kwa kuwa ndevu hazitoki zote kwa pamoja. Zikishanyauka, umechelewa.

Mistari minne si amri. Mitatu huweza kutosha, na minne nayo hupwaya nyuma ya ukuta mrefu. Jua kali likikutana na ukame, ndevu huchelewa na chavua hufa upesi. Hapo hata mkono hauahidi kitu. Kwa hiyo usikose kumwagilia wiki mbili za kuchanua.

Na mashimo yasiyoota yarudishie ndani ya wiki ya kwanza tu. Shina la kurudishia kwa kuchelewa hutoa ndevu wakati wenzake wameshamaliza chavua.