Alasiri ya Kipupwe Ufukweni Matema: Yasemwayo Kuhusu Ndege na Yaliyo Kweli

Mwezi wa Julai, baridi inapokaza Mbeya mjini na ukungu unapokawia kuondoka juu ya Tukuyu, wako watu wanaoteremka hadi Matema, wilayani Kyela, kuota jua la Ziwa Nyasa. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na ziwa liko kwenye mita 475 hivi. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumvua mtu koti. Lakini anayesema kwamba ameshuka ili atembee ufukweni alasiri na kutazama ndege huambiwa kwamba amepoteza nauli yake bure, na sababu anazopewa zinastahili kuchunguzwa, kwa kuwa nyingi zimejengwa juu ya jambo lililoonwa vizuri likaelezwa vibaya.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba baridi ikianza ndege huhama, kwa hiyo Julai ufukwe huwa mtupu. Ni kweli kwamba mbayuwayu hupungua kipindi hicho, ila kipupwe chetu hakihusiki. Mbayuwayu wa Ulaya na korongo weupe hufika kwetu kuanzia Septemba hivi na kurudi kaskazini ifikapo Machi au Aprili. Wanakimbia majira ya baridi ya kwao, na hata huko kinachowafukuza zaidi ni njaa, kwa sababu mbayuwayu huishi kwa wadudu warukao, na wadudu hao hutoweka theluji inapoanguka. Sisi tunapovaa masweta, wao wako Ulaya wanalea makinda.

Wazungu wenyewe walichelewa kulielewa jambo hili, na wako wasomi wao walioshikilia kwamba mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa mpaka jua lirudi. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, alipatikana korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni, na korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ushahidi ulio wazi kuliko huo ni vigumu kuuomba.

Yupo pia msafiri wa karibu zaidi anayewachanganya watu wa nyanda za juu, naye ni mbayuwayu buluu. Huyu huzaliana katika nyika za Kitulo, zilizotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na hujenga kiota ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na muhanga. Anayepanda Kitulo mwezi wa Julai asimwone asidhani kwamba ameuawa na baridi. Mvua zikiisha ndege huyo huelekea maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria, kisha hurudi kuzaliana mvua mpya zinapokaribia.

Wengine husema kwamba alasiri si wakati wa ndege. Kwa ndege wa msituni wanaoimba alfajiri kuna ukweli fulani ndani yake, lakini ndege wa majini hawategemei nyimbo ili waonekane. Zaidi ya hapo, Matema ina milima ya Livingstone upande wa mashariki, hivyo anayetembea kuielekea jioni inapokaribia huliacha jua mgongoni, na kila ndege aliye mbele yake huangaziwa vizuri. Kikwazo cha kweli ni mwera, yaani upepo wa kusini-mashariki, ambao ukivuma sana huwafanya ndege wadogo wajifiche ndani ya matete. Na anayedhani kwamba shakwe ni wa bahari ya chumvi tu ajue kwamba shakwe kichwa-kijivu huzaliana hata kando ya maziwa ya bara.

Mnandi anayesimama juu ya mwamba akiwa ametandaza mabawa husemwa kuwa anasali, au anatetemeka kwa baridi. Ukweli ni kwamba manyoya yake huloa maji kuliko ya bata, jambo linalomsaidia kuzama akifuata samaki, na akitoka majini hulazimika kuyaanika.

Kwazi naye, yule tai mwenye kichwa cheupe, hulaumiwa kuwa anamaliza samaki. Naona lawama hiyo ni kubwa kuliko tumbo lake: sehemu kubwa ya siku huipitisha akiwa ametulia juu ya mti, na samaki anayezidi kilo mbili hivi humshinda kuinua, akabaki kumburura juu ya maji hadi ufukweni. Mdiria mweusi-mweupe ndiye mvuvi asiyechoka, kwani huelea hewani akipiga mabawa, huchupa majini, na anaweza kummeza samaki mdogo bila kurudi kwanza kwenye tawi.

Ndege aliyezungukwa na hadithi nyingi kuliko wote ni fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kinachofanana na nyundo. Katika sehemu nyingi za Afrika husemwa kwamba ndege wengine humjengea nyumba kwa kuwa ni mfalme wao, na kwamba anayeibomoa hupatwa na balaa. Ukitazama kiota chenyewe utaisamehe dhana hiyo, maana ni rundo la maelfu ya vijiti ambalo upana wake unaweza kufika mita moja na nusu, lenye paa linaloweza kubeba uzito wa mtu na njia ya kuingilia iliyosiribwa kwa udongo. Hata hivyo mafundi ni wawili tu, dume na jike, na kazi huwachukua wiki kadhaa. Hao ndege wengine wanaodhaniwa kuwa vibarua wake kwa kweli ni wapangaji, nao huhamia baada ya mwenyewe kuondoka, au hata kumnyang'anya nyumba akiwa bado anaitumia.

Mmoja wa wapangaji hao ni bundi mwenye uso mweupe, na ndiyo maana anayechelewa kurudi anaweza kumwona akitoka giza linapoanza kuingia. Hasikiki kwa sababu kingo za manyoya ya mabawa yake zina meno laini kama ya kitana yanayovunja mvumo wa hewa, wala hakuna uchawi katika ukimya huo, na anachokifuata katika mashamba ya mpunga ya Kyela ni panya.